Sukari ya Krismasi Haitoshi: kanisa, serikali na bibi zetu wa Kagera

Naamini jukumu la kumtunza maskini ni la serikali kwanza. Nasema hivyo nikiwa Mlutheri, mjumbe wa kamati ya diakonia katika usharika mmoja wilayani Muleba, mtu anayebaki kanisani Jumapili baada ya wengine kutawanyika ili tuhesabu kilichopatikana kwa ajili ya wajane, yatima na wazee. Wapo wapendwa wenzangu wanaoona kwamba nikisema hivyo nalivunjia kanisa heshima, kana kwamba nimetangaza kuwa upendo wetu umeshindwa. Wapo pia wanaosema serikali haiiwezi kazi hiyo, kwamba fedha za maskini zikiingia ofisini zinaliwa, heri zipitie mikononi mwa watu wa Mungu. Nimewasikiliza wote na msimamo wangu haujabadilika. Nitaueleza kwa mambo ya hapa Kagera, kwa sababu hapa jambo hili tumelipitia sisi wenyewe, hatukulisoma mahali.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, hospitali ya Kilutheri hapa hapa Muleba. Siku hizo watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikiingia kwa magendo kutoka Uganda, maana walioanza kukonda walikuwa wafanyabiashara wa mpakani na wapenzi wao. Baadaye ukaingia kila nyumba. Walikufa baba na mama wenye nguvu za kulima na kulipa ada, wakabaki watoto, na watoto wakabaki na bibi. Ukipita vijijini kwetu miaka ya tisini ulikuta nyumba nyingi zenye mzee mmoja na wajukuu wanne au watano, na kati yao hakuna mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya kazi.

Makanisa hayakukimbia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu vijana wa sasa hawalijui. Akina mama wa kanisani walikwenda kwa zamu kwa mgonjwa, mmoja na dumu la maji, mwingine na shuka safi, wakati ndugu wa damu waliogopa hata kupokea kikombe kutoka mkononi mwake. Walimwogesha, walimgeuza kitandani, walimpalilia kibanja chake ili watoto wapate ndizi. Wainjilisti walizika hadi sauti zikakauka. Yatima walilipiwa ada kwa michango ya hapa na ya makanisa rafiki ya ng'ambo. Yeyote anayesema kanisa halina faida kwa maskini hakuwepo Kagera wakati ule.

Hata hivyo, kilichosimamisha vifo ni dawa. Oktoba 2004 serikali ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU bure, na kwa miaka michache tu watu waliokuwa wakingoja kufa waliinuka wakarudi shambani. Dawa zile hazikuuliza mtu anasali wapi, amelipa bahasha ya jengo au hajalipa, anaishi na mume wa ndoa au na bwana. Nyingine zilitolewa kupitia hospitali za makanisa, Ndolage ikiwemo, na wauguzi wetu walifanya kazi ya kutukuka. Lakini ahadi ilikuwa ya taifa: ukipima ukakutwa nao, dawa ni yako. Upendo wa akina mama wale ulimfikia yule waliyeweza kumfikia kwa miguu. Ahadi ya taifa ilimfikia na yule ambaye hakuna aliyempenda.

Najua fedha za dawa zile zilitoka nje kwa wingi, hasa Marekani na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Januari 2025 Rais Trump aliposimamisha misaada ya nje, hofu iliingia kwenye kliniki za serikali na za makanisa kwa pamoja. Wanaosema "serikali haiwezi, tuwaachie makanisa" walitazame tukio hilo vizuri. Chungu kilikuwa kimoja. Ninapodai serikali itunze maskini, nadai itumie kodi zetu, kwa sheria yetu, bila kungoja nani amechaguliwa Washington.

Sasa nije kwenye diakonia yenyewe, maana ndiyo ninayoijua kwa ndani.

Wanaosali kwetu wanajua mnada wa baada ya ibada. Watu hutoa walichonacho: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, maharage kwenye kibakuli, fungu la kahawa ya kutafuna, mayai. Mnadi huinua yai moja juu, mtu analinunua kwa bei ya trei nzima, kisha analirudisha linadiwe tena, na tena, hadi yai lile linakuwa limeingiza fedha kuliko mkungu. Ni furaha ya kweli na ni utoaji wa kweli. Kwenye fedha zinazopatikana, nyingi huenda kwenye jengo, nyingine kwa watumishi na makao makuu ya dayosisi, na sehemu ndogo huja diakonia. Inapofika Desemba tunaitumia kununua vitu vya mifuko ya wazee: kilo ya sukari, mche wa sabuni, pakiti za chumvi, mchele kidogo, na mwaka ukiwa mzuri, kitenge.

Mfuko huo una thamani. Nimemwona bibi akiunusa mche wa sabuni kabla ya kuufunga kwenye khanga yake. Lakini Januari sukari imekwisha, na Februari sabuni imekwisha, na bibi huyo ana miezi kumi ya kusubiri Krismasi nyingine. Ndizi anazo kama mnyauko haujafika kwenye kibanja chake. Tangu ugonjwa huo ulipoingia mkoani mwaka 2006, kuna waliokata migomba yote na kuifukia. Kitoweo hana cha kununulia. Chumvi hana. Mjukuu anarudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya daftari.

Halafu kuna namna mfuko unavyotolewa. Wazee huitwa majina mbele ya madhabahu, wanapanga mstari, wanapigwa picha kwa ajili ya taarifa, na mmoja huombwa aseme neno la shukrani kwa niaba ya wenzake. Hakuna anayefanya hivyo kwa nia mbaya. Bibi mmoja aliyekuwa akisema neno hilo karibu kila mwaka aliacha kuja. Nilipokwenda kwake alinipa kigoda nikakaa, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na mwishoni akaniambia kwa upole: "Mwanangu, mimi nimelea watu ambao sasa ni wazee wa kanisa. Siwezi tena kusimama mbele yao kupokea chumvi."

Kuna na jambo jingine tunalolikwepa vikaoni. Orodha yetu ya wasiojiweza hutengenezwa na watu wanaowaona watu: mzee wa kanisa wa mtaa, kiongozi wa jumuiya, mwinjilisti. Sasa, maskini kabisa ndiye anayeacha kuonekana. Nguo ya ibada imechanika. Mchango wa jumuiya hajautoa mwezi wa tatu huu, na anajua kitabu kitasomwa. Katika sharika na parokia nyingi mtu asiyetoa huogopa hata habari ya mazishi yake, kwamba siku akifa mchungaji au padri hatakuja. Anakaa nyumbani. Akikaa nyumbani anatoka kwenye macho yetu, na akitoka kwenye macho anatoka kwenye orodha.

Sisemi hili kwa hisia tu. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alichunguza kijiji cha Nyakatoke, hapa mkoani Kagera, kijiji cha kaya 119. Kila mtu mzima kijijini aliulizwa ni nani anayemtegemea kwa msaada na nani humtegemea yeye. Ilionekana watu husaidiana kwa undugu, ukoo, ujirani na dini, kama yeyote wa hapa angetarajia. Ila ilionekana pia kwamba kaya maskini zilikuwa na watu wachache zaidi wa kuwakimbilia kuliko kaya zenye uwezo. Mtandao wa kusaidiana, pamoja na vyama vyetu vya kuzikana na jumuiya zetu, hunenepa pale penye kitu. Tukimwachia maskini ategemee wema wa wanaomfahamu, tumemwachia kile ambacho yeye anacho kidogo kuliko wote.

Wenzangu wanaponiambia kwamba kanisa la kwanza liliwatunza maskini wake bila serikali, huwaomba tufungue Biblia pamoja. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaanza na manung'uniko: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kanisa ambalo mitume wenyewe walikuwa wakihubiri ndani yake, lililojaa Roho Mtakatifu, liliwaruka wajane wa lugha nyingine. Dawa haikuwa mahubiri juu ya upendo. Waliteuliwa watu saba wasimamie ugawaji. Kisha soma 1 Timotheo sura ya 5. Mjane asiandikwe kama hajafikisha miaka 60, awe alikuwa mke wa mume mmoja, awe ameshuhudiwa kwa matendo mema, amelea watoto, amewakaribisha wageni. Kwa kanisa lile dogo, lenye mfuko mdogo, utaratibu huo nauelewa. Lakini ni orodha yenye masharti ya tabia. Ambaye maisha yake yalikwenda kombo alibaki nje. Chombo chochote cha hiari, chenye fedha chache, kitafanya hivyohivyo, kwa sababu hakina budi kuchagua.

Torati inakwenda njia nyingine. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni na kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Mwenye shamba haombwi aone huruma. Ruthu, Mmoabi, mgeni kabisa, aliingia shamba la Boazi kuokota masuke kwa sababu sheria ilikwisha kumpa nafasi hiyo kabla Boazi hajamjua jina. Wema wa Boazi ulikuja baadaye, juu ya sheria. Huo ndio mpangilio ninaoutetea: haki iwe chini kama msingi, na wema ujenge juu yake.

Hapa Kagera tuna ushahidi wa nguvu ya sheria kwa mzee asiye na mtu. Mwaka 1988, Muleba, mwanamke mmoja, Holaria Pastory, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Kumbukumbu za mahakama zinasema aliuza kwa sababu alikuwa anazeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Alilipwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Mwanamke anaweza kuuza. Huwa najiuliza ni misaada mingapi ya chumvi ingehitajika kumpa bibi yule kile alichopewa na hukumu ile.

Turudi kwenye serikali inayolipa. Msaada wa serikali unaojulikana zaidi vijijini ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012. Siku ya malipo nimesimama mara nyingi pale ofisi ya kijiji. Wazee hufika alfajiri, wanakaa kwenye nyasi chini ya mti, kitambulisho cha mlengwa kimefungwa kwenye kipande cha nailoni na kuwekwa kifuani. Jina likiitwa, bibi anainuka kwa fimbo, anapakwa wino kidole gumba, anahesabiwa noti. Hasemi neno la shukrani mbele ya mtu. Anaweka fedha kwenye pindo la khanga na njia ya kurudi inapitia dukani, ambako analipa deni la mafuta ya taa na kukopa tena akiwa amesimama wima, kama mteja. Nimewaona hao hao kwenye mstari wetu wa Desemba. Shingo zao hazikai vilevile.

Siifichi kasoro ya mpango huo. Awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na hata hizo zililipwa kwa miezi miwili miwili, zikichelewa mara kwa mara. Majina yalipitishwa kwenye mikutano ya vijiji, na mikutano ya vijiji ina wakubwa wake. Yapo majina yaliyoingia kwa undugu, na yapo yaliyokatwa bila mwenyewe kuelezwa. Malipo yalipohamia kwenye simu, mzee asiye na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, au anayemtegemea kijana kumsomea meseji alipata shida mpya. Na kinachonisumbua zaidi ni habari ya kuhitimu, yaani kaya inatarajiwa kuinuka kiuchumi na kutoka kwenye mpango. Kwa kaya yenye vijana ni lengo zuri. Bibi wa miaka 78 hawezi kuhitimu uzee.

Kwa hiyo ninachotaka ni kitu chepesi kuliko TASAF na kipana zaidi: pensheni ya kila mzee. Ukitimiza umri unalipwa, basi. Hakuna mkutano wa kuchuja, hakuna wa kukukata.

Jambo hili si ndoto. Hapa hapa Muleba, Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa bibi wanaolea yatima fedha kidogo kila mwezi, na waliochunguza matumizi yake walikuta chumvi, sabuni, viatu vya shule vya wajukuu. Mzee akipewa fedha hununua kile kile ambacho sisi tungemnunulia, ila ananunua siku anayoihitaji na kwa kiasi anachokijua yeye. Kisha Zanzibar: Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila mzee mkazi aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa mwalimu, mvuvi au mkulima wa mwani, na fedha zikatoka kwenye bajeti yao wenyewe. Tangu hapo kiwango kimepandishwa hadi 50,000. Kenya nayo ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa waliofikisha miaka 70. Tanzania Bara imezungukwa na mifano.

Najua jibu: kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu chini ya milioni 2, Bara tulikaribia milioni 60. Basi tupige hesabu. Wazee milioni moja wakilipwa 20,000 kwa mwezi ni shilingi bilioni 240 kwa mwaka. Bajeti ya serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Ni chini ya nusu ya asilimia moja. Umri wa kuanzia ukiwa mkubwa, miaka 75 kwa mfano, mzigo unapungua zaidi, na mwaka hadi mwaka umri unashushwa. Anayesema haiwezekani atuonyeshe kilichoizidi hoja hii uzito kwenye vitabu vya bajeti.

Wengine husema mzee ni wa watoto wake. Kwa wazee wa Kagera naona uchungu kulijibu hilo, maana watoto wao tuliwazika. Na hata walio na watoto, kijana wa bodaboda mjini Bukoba mwenye chumba cha kupanga na watoto watatu hakatai kumtunza mama yake; hana. Pia wanaosema pensheni ni ya walioichangia wakumbuke kwamba wazee hawa walichangia. Walilima kahawa miaka yote, na kwenye kila gunia lililouzwa kupitia chama cha ushirika kulikuwa na makato, ushuru na kodi. Mwanamke aliyeipalilia kahawa hiyo hakuwahi kuwa na kadi ya mfuko wowote wa hifadhi ya jamii. Tumekula jasho lake, na sasa tunamwita mhitaji.

Basi kanisa libaki na nini? Kwanza, libaki na sauti. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litakuwa halina maana kwa watu hao. Maaskofu wetu wanaweza kusema wakitaka. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa ujumbe wa Kwaresima na maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, wakatoa wa Pasaka, nchi nzima ikasikia. Mwaka 2023 Wakatoliki walitoa waraka kuhusu bandari, ukasomwa makanisani. Ninangojea kwa hamu waraka wa namna hiyo kuhusu wazee, usomwe kila kigango na kila mtaa kabla bajeti haijasomwa Juni, ukitaja umri na kiasi. Masheikh nao waseme kwenye hotuba za Ijumaa. Zaka ni nguzo ya dini yao na hoja hii wanaijua kuliko sisi. Serikali ikisikia misikiti na makanisa yanataja tarakimu moja, haitapuuza.

Kuhusu hospitali sina mengi. Tangu miaka ya 1970 serikali imezitumia hospitali za makanisa kama hospitali teule za wilaya, na mkataba wa mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa ukauweka ushirikiano huo kwenye maandishi. Ndugu zetu Waislamu wameulalamikia mkataba huo kwa miaka mingi, na nadhani wana hoja: fedha ya umma imfuate mgonjwa, na taasisi yoyote ya dini yoyote inayotibu watu wote kwa masharti yaleyale ipewe. Lakini mpango wenyewe wa serikali kulipa na kanisa kuhudumu unafanya kazi, na kule Ndolage watu wanatibiwa.

Pili, kanisa libaki na miguu. Pensheni haimsaidii mzee kujua kama dawa ya presha imekwisha. Haioni kwamba mpangaji wa shamba la jirani amesogeza mpaka. Haimsikilizi bibi akirudia habari ya mwanawe aliyekufa mwaka 1994. Kazi hiyo ni yetu na hatuna mtu wa kumwachia. Tukiondolewa mzigo wa kununua chumvi, kamati ya diakonia itakuwa na muda wa kuifanya sawasawa, na tutakwenda kwa mzee kama jirani, mikono mitupu, bila yeye kutazama kwanza mfuko tuliobeba.

Na kuna kazi tunayoweza kuianza sasa, kabla sheria yoyote haijapita. Pensheni ya umri itadai uthibitisho wa umri, na wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Hata kwenye NIDA wapo walioandikiwa mwaka wa kukisia. Sharika za zamani na parokia za zamani zina madaftari ya ubatizo: jina, tarehe, jina la baba, kijiji. Mengi yako kabatini kwenye ofisi ya mchungaji, kurasa zinaliwa na mchwa. Nimependekeza kwenye kamati yetu tuyapige picha ukurasa kwa ukurasa, tutoe orodha ya waliofikisha miaka 70 walio hai, na kila mmoja apewe nakala yenye mhuri wa usharika aende nayo kwa mtendaji wa kijiji. Kwa Waislamu na wasiobatizwa, ambao kwenye madaftari yetu hawamo, tukae na wazee wa kijiji na imamu, tulinganishe nani alizaliwa kabla ya nani, nani alikuwa darasa moja na nani, tuandike na mashahidi wasaini. Orodha itakayokwenda kwa mtendaji iwe ya kijiji kizima. Katibu wetu ameuliza nani atalipia simu yenye kamera nzuri na nauli ya wainjilisti, na hilo ndilo tutakaloliamua kikao kijacho. Mimi nitaomba litoke kwenye fedha za mifuko ya Desemba.